Machozi ya Jukwaani: Kenga, Majoka na Swali la Hisia za Mwanasiasa

Mwalimu yeyote aliyeifundisha tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa hadi mwaka 2022, anaijua aya ambayo watahiniwa huiandika wakiulizwa kuhusu Majoka. Majoka ni mnafiki. Hana utu. Hisia zake zote za hadharani ni za kuigiza, na anayezitunga ni Kenga, binamu yake na mshauri wake mkuu. Jibu hilo hupata alama, nami nimelipa alama mara nyingi. Makala haya yanadai kwamba ni nusu tu ya jibu, na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo inayomfaa zaidi msomaji wa fasihi na, tupende tusipende, mpiga kura.

Aliyenitikisa ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Katangi. Alikuwa amehudhuria mazishi katika kijiji kilicho karibu na soko. Mwanasiasa mmoja akasimama kuhutubu kwa Kikamba, sauti ikamkatika, akatoa leso. Tulipofika kwenye usawiri wa Majoka, mkasa huo ukaligawa darasa. Wengine walisema yale yalikuwa machozi ya kura. Wengine wakasema marehemu alisoma naye. Yule mwanafunzi akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa karibu. Alilia kweli. Lakini kabla hajasimama, kijana wake alimnong'oneza asisahau kumtaja mama wa marehemu." Kisha akauliza kati ya hayo mawili tuandike lipi. Sikuwa na jibu, na kengele ikaniokoa.

Turudi kwenye tamthilia tukiwa na swali hilo. Je, Kenga hufanya nini hasa? Anawaendea Sudi na wenzake sokoni Chapakazi, wanapochonga vinyago kwa ajili ya sherehe za uhuru wa Sagamoyo, na kutaka Sudi amchonge shujaa anayetakiwa na wakubwa. Anahakikisha kuna shangwe, ili watu wasiulize kwa nini soko limefungwa. Hiyo ndiyo kazi ya mpambe: kuamua ni sura gani ionekane na ipi ifunikwe. Lakini hakuna mahali ambapo Kenga anamfundisha Majoka kuogopa. Hofu yake kwa Tunu ni yake mwenyewe. Tamaa inayomwamkia Ashua anapofika ofisini ni yake, na hasira inayofuata pia. Anapopata habari za kifo cha mwanawe, Ngao Junior, anazirai. Katika kuweweseka kwake anazungumza na Babu, na hapo, pasipo hadhira wala mshauri, yanamtoka majuto ambayo Sagamoyo haijawahi kuyasikia.

Basi Majoka si mtu asiye na hisia. Ana hisia tele, tena kali. Unafiki wake umo katika uteuzi: huzuni, woga na mapenzi yamefungiwa ndani, na furaha ya uhuru imetolewa nje ipigiwe makofi. Mtahiniwa anayeandika kwamba Majoka hana hisia ameikosa kinaya kuu ya mhusika huyu. Mtu asiye na hisia hatishi sana. Anayetisha ni yule mwenye hisia za kweli ambaye amemwachia mwingine achague ipi itumike na lini.

Kuna atakayepinga kwamba, kama ni hivyo, hisia iliyopangwa ni ya uongo daima. Tumtazame Tunu. Yeye na Sudi hupanga. Maandamano hayazuki yenyewe. Yana mkakati na maneno yaliyoteuliwa. Hata hivyo hatujawahi kusema kwamba uchungu wa Tunu ni bandia. Sababu yetu ni nini? Kwa maoni yangu ni kwamba kile anachokisema barazani ndicho anachokisema nyumbani, na kwamba anaendelea kukisema hata baada ya kuumizwa mguu. Kupanga si hoja. Hoja ni kama kuna mlango kati ya mhusika wa hadharani na yule wa faraghani, na nani anashika ufunguo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Shakespeare, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina Juliasi Kaizari. Antony anaachwa peke yake na maiti ya rafiki yake. Hakuna wa kumpigia makofi, na analia na kuapa kwamba damu itamwagika. Baadaye anasimama mbele ya umma, katikati ya hotuba anatua kana kwamba ameshindwa kuendelea, na watu wanaona macho yake yamekuwa mekundu. Machozi hayo ni ya kweli au ya hila? Mwandishi ametupa ule uzungumzi nafsia makusudi ili tusiweze kujibu kwa neno moja. Ni majonzi halisi, na ni silaha halisi. Mwanafunzi wangu alikuwa ameona jambo hilohilo mazishini, bila kusoma Shakespeare.

Wapo walimu wanaoona kwamba mijadala hii haina nafasi katika somo la fasihi. Sikubaliani nao, kwa sababu mwaka 2018 tulipewa matini ambayo ni kama onyesho lililokosekana katika Kigogo. Mwezi Machi mwaka huo, Channel 4 ya Uingereza ilionyesha picha zilizorekodiwa kwa siri za Mark Turnbull, mkuu katika kampuni ya Cambridge Analytica. Alikuwa akijisifu kuhusu kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017. Alidai kwamba kampuni yake ilikibadilisha chama sura mara mbili, ikaandika manifesto, na kwamba, kama anavyodhani, hotuba zote ziliandikwa nao. David Murathe, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa Jubilee, alikubali kwamba kampuni tanzu ya SCL iliajiriwa, lakini akasema ilikuwa kwa kazi ya kujenga sura ya chama tu.

Wengi waliisoma habari hiyo kama ufunuo. Mhakiki anapaswa kuisoma kama mazungumzo ya wahusika. Turnbull alidhani anazungumza na wakala wa tajiri kutoka Sri Lanka. Alikuwa akiuza bidhaa, na muuzaji akiisifu bidhaa yake ni msimulizi wa kutiliwa shaka. Isitoshe, mwaka 2013 mgombea huyo na mwenzake William Ruto walikuwa na kesi katika mahakama ya ICC kule The Hague. Uchungu wa mshtakiwa haukuhitaji kuagizwa London. Kilichoweza kuandikwa na mgeni ni namna uchungu huo ulivyogeuzwa kuwa wa taifa zima.

Na sisi wa Machakos tuna kisa kigumu zaidi, kwa kuwa kinamwondoa Kenga jukwaani kabisa. Alfred Mutua, mtu wa habari na mtayarishaji wa kipindi cha televisheni cha Cobra Squad, aliteuliwa mwaka 2004 kuwa msemaji wa kwanza wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuipa serikali sauti. Mwaka 2013 kaunti yetu, Katangi ikiwamo, ilimchagua kuwa gavana wake wa kwanza, na mwaka 2017 ikamrudisha akiwa na chama chake, Maendeleo Chap Chap. Sisemi kwamba hisia zake zilikuwa za kweli au za kubuni. Sikuwa chumbani mwake. Nasema kwamba anayejua kuitengeneza taswira anaposimama kuomba kura mwenyewe, swali la "nani alimwandikia?" halitusaidii. Tunabaki na swali la Antony: alisema nini palipokuwa hapana watu?

Hapo ndipo fasihi inapomzidi gazeti. Katika tamthilia tunaingia ofisini, tunaingia katika ndoto, tunasoma maelekezo ya jukwaani. Mtahiniwa na afundishwe kuzitafuta sehemu hizo na kuzilinganisha na hotuba, kabla ya kuandika neno "mnafiki". Katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia ahadi anayopewa Gege ya kumwoa Alida itamfaa kwa zoezi hilo. Tamaa ni ya Gege; aliyeielekeza kwa Mwelusi ni mwingine.

Muhula uliofuata niliuliza katika mtihani wa majaribio: "Taja hisia moja ya kweli ya Majoka ambayo umma wa Sagamoyo haukuruhusiwa kuiona, na ueleze nani alinufaika ilipofichwa." Kwa dakika kadhaa darasa zima halikushika kalamu. Yule wa mazishini ndiye aliyeanza kuandika.