Kuboresha Kupi? Uhakiki wa Istilahi katika Mwongozo wa Kompyuta

Mwongozo unaohakikiwa katika makala haya ni tafsiri ya Kiswahili ya maelezo ya kubadilisha prosesa katika kompyuta ndogo ya mezani, pamoja na sura ya kushughulikia hitilafu endapo kompyuta haitawaka baada ya kazi hiyo. Jina la mfasiri halitatajwa, kwani kinachopimwa hapa ni maneno wala si mtu. Kompyuta za namna hii aghalabu huondolewa maofisini zikiwa bado zina uhai, na mara nyingi anayezifungua ni mwalimu au karani ambaye hakusomea ufundi. Huyo hana mwalimu mwingine ila maandishi aliyonayo mkononi. Sarufi ya tafsiri hii ni nzuri na sentensi zake zasomeka bila taabu. Upungufu wake umo katika istilahi, na upungufu huo waweza kumgharimu msomaji fedha.

Dosari iliyo kubwa kuliko zote ni kukitumia kitenzi kimoja, kuboresha, kwa dhana mbili zilizo mbalimbali. Msomaji anaambiwa “boresha bayosi”, kisha “boresha prosesa”, na baadaye “ukishaboresha, washa kompyuta”. Kuboresha kupi? Bayosi ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mama. Ndiyo inayotangulia kuamka kabla ya programu nyingine zote na kuzitambua sehemu za kompyuta. Bayosi ya zamani aghalabu haiitambui prosesa iliyotoka baada yake. Kwa hiyo hapana budi bayosi mpya iingizwe kwanza, hali prosesa ya zamani ingali mahali pake, ndipo prosesa ibadilishwe. Anayeugeuza utaratibu huo huenda akaona feni inazunguka na kioo kimebaki cheusi, akadhani ameuziwa prosesa mbovu. Jambo hili si dogo: mwaka 2018 kampuni ya AMD ilikuwa na mpango wa kuwaazima wateja wake prosesa ya zamani ili waweze kuingiza bayosi mpya katika mbao mama zilizotengenezwa kabla ya prosesa walizonunua. Ikiwa mtengenezaji mwenyewe alilazimika kufika huko, mfasiri hana ruhusa ya kuzichanganya hatua hizo mbili kwa neno moja.

Mafundi wenyewe hawachanganyi. Wao husema kuapdeti na kuapgredi, na ingawa maneno hayo hayapendezi masikioni mwa wapenzi wa lugha, angalau yanatenganisha. Kwa dhana ya kwanza tunalo tayari neno kusasisha, lililotokana na “sasa”, ambalo limeenea na maana yake inajieleza. Kwa dhana ya pili wapo wanaopendekeza kupandisha daraja. Watumishi wa serikali watalielewa upesi neno hilo, lakini lina mipaka yake: karani anayepandishwa daraja hubaki yule yule, ilhali prosesa huondolewa na nyingine ikawekwa. Kinachopanda daraja ni kompyuta. Basi yafaa tuseme kwamba kompyuta imepandishwa daraja kwa kubadilishiwa prosesa, na katika maagizo ya hatua kwa hatua tuandike tu “badilisha prosesa”. Si kila dhana inayodai istilahi ya fahari.

Sura ya mwisho ya mwongozo imepewa jina “Utatuzi”. Kutatua ni kulifungua fundo, na anayefungua fundo huwa amekwisha kuliona. Msomaji wa sura hii bado hajaliona. Anaelekezwa arudishe prosesa ya zamani aone kama kompyuta itawaka. Aondoe betri ndogo ya ubao mama kwa muda ili mipangilio ya bayosi irudi ilivyokuwa kiwandani. Abakize kipande kimoja tu cha kumbukumbu. Ahesabu milio inayotoka. Hatua hizo zote hutenga tu, kidogo kidogo, sehemu iliyo nzima na sehemu yenye kasoro. Fundi wa redio au wa gari husema “natafuta ugonjwa”, na amesema kweli. Tunapendekeza utafutaji hitilafu. Watakaolalamika kwamba ni maneno mawili wakumbuke kuwa neno moja linaloahidi tiba kabla ya uchunguzi humvunja moyo msomaji anapofika mwisho wa sura bila ya kupona.

Mahali pengine mfasiri ameandika kwamba prosesa yoyote “inayoingia” katika soketi itafaa. Kuingia si kupatana. Prosesa za Intel za kizazi cha mwaka 2011 na zile za mwaka 2012 zilitumia soketi moja ya pini 1155. Hata hivyo Intel haikuziidhinisha zile za mwaka 2012 kwa mbao mama zenye chipseti za Q65, Q67 na B65, ambazo ndizo zilizokuwamo katika kompyuta nyingi za ofisi za wakati huo. Mfano wa mwaka 2017 wazidi huo: soketi yenye pini 1151 ilibaki na umbo na hesabu ile ile, lakini kazi za baadhi ya pini zikabadilishwa, na prosesa mpya ikakataa kufanya kazi katika mbao mama zilizotangulia. Neno patanifu lipo, na hapa ndipo mahali pake.

“Sinki la joto” halina utetezi. Sinki kwetu ni chombo cha kuoshea vyombo. Kipande hicho cha chuma chenye mapezi kiitwe kipozajoto.

“Miguu ya prosesa” ina kosa la namna nyingine, kwa kuwa zamani ilikuwa sahihi. Tangu mwaka 2004 Intel ilipoanza kuzihamishia pini kwenye soketi, prosesa zake za mezani za jamii hiyo zina vibapa vilivyopakwa dhahabu tu upande wa chini. Msomaji anayeambiwa achunguze kama miguu ya prosesa imepinda ataigeuza, asione kitu, aridhike. Kumbe pini iliyopinda imo ndani ya soketi asikotazama.

Limesalia neno prosesa lenyewe. Wengine hupendelea kichakataji, na neno hilo limeundwa vizuri, kwani tangu zamani twasema kuchakata mkonge. Sisi tumetumia prosesa kwa sababu ndilo litamkwalo dukani. Mfasiri achague moja alitumie tangu mwanzo hadi mwisho. Katika mwongozo huu yote mawili yametumika, na katika ukurasa mmoja yanaonekana kama vifaa viwili.