Kuusoma Ufa

Mwaka 1969, huko Jatibarang, Java Magharibi nchini Indonesia, mafuta yaligunduliwa ndani ya miamba ya volkeno: lava ya kale, na majivu yaliyoshikamana yakawa jiwe. Mafuta mengi duniani hutoka kwenye mawe ya mchanga na ya chokaa. Wachimbaji wakikuta lava, wengi hufungasha virago. Nawavulia kofia wanaobaki wakaipima.

Kazi yao ni kuwahoji mashahidi. Kipimo cha gama kikiteremshwa kisimani huweza kunasa mionzi ya potasiamu iliyomo kwenye lava, kikaashiria udongo mfinyanzi usiokuwepo. Kipimo cha nyutroni nacho hukuta maji yaliyofungwa ndani ya madini ya zeolaiti, kikayahesabu kana kwamba ni vitundu vya kuhifadhi mafuta. Fundi mzuri hakisadiki kimoja mpaka kingine kikiunge mkono.

Kisha huiweka mezani nguzo ya mwamba iliyokatwa kisimani, akaigeuza polepole kwenye mwanga, akizitafuta nyufa zinazopitisha mafuta. Ufa mpya, wenye kingo kali na uso safi, huenda umeletwa na uchimbaji wenyewe. Wenye utando wa madini ya kalisaiti au doa la mafuta ulikuwepo tangu zamani. Ila kalisaiti ikiujaza wote, haupitishi kitu. Upana nao si jambo dogo: ufa ukipanuka mara mbili, shinikizo likiwa lile lile, mafuta yanayopita huongezeka mara nane.

Hata hivyo, kwa kawaida nyufa hazifikii asilimia 1 ya ujazo wa mwamba. Nyufa ni barabara. Ghala, kama lipo, limo kwenye vitundu vya jiwe lenyewe. Je, ghala hilo linazilisha nyufa? Hapo kisima huachwa kitiririke, kikafungwa, na shinikizo likaandikwa saa baada ya saa. Likipanda, likatulia, kisha likapanda tena, huenda jiwe limeanza kuchangia. Watafiti Warren na Root walilieleza jambo hilo kihesabu mwaka 1963.

Kisima cha nyufa huweza kuanza kwa kishindo, kisha kikatoa maji mapema. Basi wenye fedha wasiipime akiba ya mafuta kwa mtiririko wa siku za mwanzo. Wawape wapimaji muda wao. Hukumu ya haraka ndiyo iliyo ghali.