Mcheza Kwao: Jumba la Maonyesho la Nairobi Likitazamwa kutoka Lupaso

Mtoto aliyekulia Lupaso, au Masasi mjini, au juu katika uwanda wa Newala, hajifunzi maana ya maonyesho kwa kununua tiketi. Hujifunza siku ambayo vijana wanatoka jandoni. Uwanja umefagiwa tangu alfajiri, ngozi za ngoma zinapashwa moto ili zikaze, na mara mchezaji wa lipiko anatokea upande wa porini akiwa amevaa sura ya mti isiyofanana na ya mtu yeyote ajulikanaye kijijini. Hapo hakuna pazia, hakuna safu za viti, wala hakuna mlango wa kufungwa. Watu husimama duara. Yule anayetazama sasa ndiye atakayeitikia wimbo baada ya punde; na mzee aliyenyamaza pembeni ndiye mhakiki mkali kuliko wote, kwa kuwa anajua jinsi kila hatua inavyopaswa kukanyagwa.

Nimeanza na uwanja huo kwa makusudi, kwa sababu makala haya yanahusu kitu kinachoonekana kuwa kinyume chake kabisa, yaani jumba la maonyesho la mjini, lililojengwa kwa mawe, likachakaa, kisha likakarabatiwa. Majumba ya namna hiyo husifiwa sana katika vitabu. Mwanafunzi husoma, kwa mfano, kwamba jumba la opera la La Scala mjini Milano, nchini Italia, liliharibiwa kwa mabomu mwaka 1943, na kwamba watu wa mji ule walilijenga upya upesi hata likafunguliwa tena Mei 1946, wakati nyumba nyingi za mji zilikuwa bado vifusi. Habari hiyo ina fundisho. Watu wa Milano waliharakisha kulijenga jumba lile kwa sababu muziki uliopigwa ndani yake ulikuwa wao, kwa lugha yao. Je, sisi wa Afrika ya Mashariki tukikarabati jumba tulilorithi kwa mkoloni, tunarudisha kitu cha nani?

Kwetu hakuna jumba la opera. Lililo karibu zaidi na maana hiyo ni jumba la maonyesho la taifa lililoko Nairobi, liitwalo Kenya National Theatre. Nimelichagua kwa sababu historia yake inajulikana vizuri, na kwa sababu ukarabati wake, uliokamilika mwaka 2015, unatupa nafasi ya kupima jambo ambalo hata wilaya zetu za kusini zitalazimika kulipima siku zitakapotaka kujenga kumbi za utamaduni.

Jumba hilo lilifunguliwa Novemba 1952. Mwanafunzi wa historia ataikumbuka tarehe hiyo kwa sababu nyingine: hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini Kenya mwezi uliotangulia, tarehe 20 Oktoba. Wakati wakulima walipokuwa wakikamatwa na kupelekwa kambini, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza, Ralph Richardson, alikuja kulifungua jumba lililopewa jina la taifa ambalo lilikuwa bado halijazaliwa. Mahali penyewe pana kumbukumbu nzito zaidi. Jumba linatazamana na hoteli ya Norfolk, na ni karibu na hapo ambapo tarehe 16 Machi 1922 polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika kudai Harry Thuku afunguliwe. Waliuawa watu wasiopungua ishirini, miongoni mwao mwanamke shujaa Muthoni Nyanjiru. Leo barabara ipitayo mbele ya jumba inaitwa Barabara ya Harry Thuku. Mgeni afikaye kutazama mchezo hupita juu ya kisa ambacho chenyewe ni tamthilia, kabla hajaiona ile aliyoilipia.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, bendera ilibadilika lakini ratiba ya jumba haikubadilika upesi. Mwaka 1976 waandishi wa Kenya walipotaka kuonyesha pale michezo miwili iliyokuwa imeteuliwa kwenda kwenye tamasha la sanaa za watu weusi mjini Lagos, yaani Mzalendo Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, walipewa siku chache tu, kila mchezo siku nne. Nafasi iliyo bora ilikuwa imekwisha tengewa mchezo wa kuchekesha wa Kizungu na dansi ya bale kutoka Ufaransa. Hata hivyo watu walijaa, na mchezo wa Kimathi ulipokwisha watazamaji waliungana na wachezaji, wakatoka nje barabarani wakiimba na kucheza. Msomaji wa Lupaso hatashangaa. Duara lilikuwa limejirudisha lenyewe. Watu walikataa kuwa watazamaji tu.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu wapatao 2,000, wakacheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kigĩkũyũ ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambao kwa Kiswahili tunaujua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Serikali iliupiga marufuku mwezi Novemba, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 kikundi hicho kilipotaka kucheza mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, katika jumba la taifa, kilikuta milango imefungwa. Mwezi Machi mwaka huohuo ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa. Kwa hiyo, tunaposema kwamba jumba la Nairobi lilichakaa, tusifikiri juu ya paa na viti peke yake. Jumba lililofungiwa wenyewe limekwisha chakaa, hata kama rangi yake ni mpya.

Sasa tuutazame ukarabati. Jumba lilifunguliwa upya Septemba 2015, baada ya kazi iliyofanywa kwa msaada wa kampuni ya East African Breweries. Viti viliwekwa upya, taa na vyombo vya sauti vikafanywa vya kisasa. Mgeni akiingia leo huona ukumbi wa kadiri, usiotisha kwa ukubwa, ambamo safu za viti zinatazama jukwaa moja lililo mbele, chini ya upinde wa pazia. Taa za watazamaji zikizimwa, sauti ya mwigizaji humfikia hata aliyekaa nyuma. Katika kituo hichohicho cha utamaduni mna pia Ukumbi Mdogo, jina zuri la Kiswahili lisilo na majivuno. Wanafunzi wa sekondari huletwa kutazama tamthilia wanazozisoma darasani; na mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha tamthilia kwa ubao na chaki tu atajua thamani ya jambo hilo. Kwa upande wa ufundi, basi, kazi ilifanyika, na asiyeisifu atakuwa na kijicho.

Lakini mhakiki hana budi kuuliza zaidi. Upinde ule wa pazia umebaki palepale ulipowekwa mwaka 1952. Una maana yake: unamwambia mtazamaji kwamba kazi yake ni kukaa gizani, kunyamaza, na kupiga makofi anaporuhusiwa. Sanaa iliyozaliwa katika duara, ikiingizwa humo, hulazimika kujikunja. Sisi wa kusini tunalijua jambo hili kwa uchungu wa pekee, kwa sababu lilitupata bila hata kujengewa jumba. Baada ya Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana kuundwa mwaka 1962, sindimba ya Wamakonde ilichukuliwa kuwa miongoni mwa ngoma za taifa, ikachezwa mbele ya wageni na katika sherehe nyingi, ikajulikana nchi nzima. Hiyo ilikuwa heshima kubwa baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba ngoma zetu ni ushenzi. Lakini duara lilinyooshwa likawa mstari unaotazama meza ya mgeni rasmi, ngoma iliyokuwa ikikesha ikawa ya dakika chache, na mafunzo ya utu uzima yaliyokuwa ndani yake yakaachwa kijijini. Kilichobaki machoni pa wengi ni kiuno. Kisha watu haohao wakauliza kwa nini sindimba haina adabu!

Hapa nitapingwa. Nitaambiwa kwamba nausifu uwanja wa kijiji kana kwamba hauna kasoro. Pingamizi hilo ni la haki. Uwanja wa Lupaso hauna kinga ya mvua, wala taa ya kumwezesha mwalimu kufanya mazoezi na wanafunzi usiku. Una milango yake pia, ijapokuwa haionekani: siri ya lipiko haikuwa ya wote, na wanawake waliwekwa mbali nayo. Tena, mcheza ngoma wa kijijini hula jasho la jembe lake, hali jumba la taifa laweza kumlipa msanii, kumfundisha, na kuihifadhi kazi yake. Kwa hiyo sisemi majumba yabomolewe, wala sisemi kila ngoma iachwe ilipozaliwa ife pamoja na wazee. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kimeonyesha kwamba ngoma, maigizo na sarakasi vyaweza kufundishwa chini ya paa moja. Ninachosema ni kwamba paa si kipimo.

Kipimo ninachokipendekeza ni cha maswali matatu. Nani anashika ufunguo? Lugha ya nani inasikika jukwaani? Na mtu wa kawaida, akiingia, anaingia kama mwenyeji au kama mgeni? Tukilipima jumba la Nairobi kwa maswali hayo, tutaona kwamba kuzaliwa kwake upya hakukuwa Septemba 2015. Kulikuwa Mei 2022, wakati Ngaahika Ndeenda, mchezo uleule uliopigwa marufuku mwaka 1977, ulipochezwa katika jumba hilo kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza. Mlango uliofungwa mwaka 1982 ulifunguliwa mwishowe. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki dunia Mei 2025, akiwa amewahi kuishi wakati ambao maneno yake yalisikika mahali palipoyakataa. Hata hivyo swali la tatu halijajibiwa lote. Mkulima wa Limuru aliyebeba magogo ya ukumbi wa mwaka 1977 hakuhitaji nauli wala tiketi ya mjini ili auone mchezo wake; na mahali uliposimama ukumbi ule hapakujengwa ukumbi mwingine wa wanakijiji.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumhimiza mtu apende nyumbani. Lakini ina amri nyingine ndani yake: pawepo kwanza mahali ambapo mchezaji anaweza kusema ni kwao. Jumba likarabatiwe kwa mamilioni, kama mchezaji anaingia kwa kubisha hodi, hatutunzi, tunampangisha.

Ndugu walimu, zoezi ninaloliacha kwenu si gumu. Wapelekeni wanafunzi kwenye ukumbi wowote ulio karibu, uwe wa shule, wa parokia au wa halmashauri, kisha wapelekeni kwenye uwanja wa ngoma wa kijiji. Wachore sehemu zote mbili. Waonyeshe kwa mshale kila mtu anatazama wapi, waandike nani husema na nani hunyamaza, kisha waeleze ni mchezo gani unaowezekana hapa usiowezekana kule. Watajifunza uhakiki zaidi ya kurasa nyingi za nadharia.

Na iko siku fundi atakuja Masasi au Newala na karatasi yake, kuchora ukumbi wa utamaduni. Mkono wake utakwenda wenyewe kuchora jukwaa upande mmja na viti upande wa pili, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Kabla hajapiga mstari huo, na aitwe mcheza ngoma mzee kutoka Lupaso, asimame katikati ya kiwanja kitupu, aulizwe: wewe ungesimama wapi, na sisi tusimame wapi? Jibu lake liwe ndiyo ramani.