Jumba la Muziki Juu ya Gati

Jengo si sanamu. Sanamu ikiyapendeza macho imetimiza kazi yake. Lakini jengo hukaliwa, hulipiwa, hufagiliwa na kunyeshewa mvua. Kwa hiyo mtu anayetaka kulihukumu jengo hawezi kuridhika na kusema kuwa ni zuri au ni baya. Hana budi kuuliza limesimama mahali gani, limejengwa kwa ajili ya nani, na kwa fedha za nani. Katika insha hii nataka tulipime kwa maswali hayo jengo moja mashuhuri la zama zetu, liitwalo Elbphilharmonie, katika mji wa Hamburg nchini Ujerumani. Ndani yake mna kumbi za muziki, hoteli na nyumba za kukaa watu, na wanaolisifu husema kwamba limeumbwa na maji. Sifa hiyo ni ya kweli, ila naona mara nyingi hubandikwa mahali pasipo pake.

Kwanza tuyajue maji yenyewe. Hamburg uko kando ya mto Elbe, zaidi ya kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini, na hata hivyo maji ya bandari yake hupwa na kujaa kila siku kama ya pwani. Dhoruba ikivuma kutoka baharini wakati wa kujaa, mto hurudishwa nyuma na kufurika. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari, 1962, boma za kuzuia maji zilibomoka, na watu 315 wakafa katika mji huo. Basi maji ya Hamburg si pambo la kutazamwa dirishani. Ni jirani mwenye nguvu, ambaye kila mjenzi hana budi kupatana naye.

Mahali liliposimama jumba hili ni ulimi wa ardhi uliozungukwa na maji ya bandari. Mwaka 1875 ilijengwa hapo bohari kubwa yenye mnara; vita vya pili vya dunia vikaiharibu, na mwaka 1963 mabaki yake yakabomolewa. Kati ya 1963 na 1966 ikajengwa bohari nyingine ya matofali mekundu, iliyochorwa na Werner Kallmorgen, ya kuwekea kakao, chai na tumbaku. Madirisha yake ni matundu madogo tu, kwa maana gunia la kakao halihitaji kutazama mandhari. Umbo lake lilifuata gati: pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, kama chombo kilichoelekeza omo yake magharibi. Lakini haikupita miaka mingi kabla ya makontena kubadili biashara ya bandari yote, na bohari ile ikabaki haina kazi.

Juu ya bohari hiyo ndipo Herzog na de Meuron, wasanifu wa majengo kutoka Basel, Uswisi, walipoweka jumba lao la vioo. Paa lake limepanda na kushuka kama mawimbi, na sehemu yake ya juu kabisa yafikia mita 110. Kuta zake zina vioo vipatavyo 1,100, vingi vimepindwa na kutiwa nukta ndogo ndogo, hata jengo lote hubadilika rangi kwa kadiri ya mbingu na mto. Sikatai kwamba lapendeza. Lakini tusidanganyike: mfano wa wimbi si wimbi. Paa la namna hiyo lingaliweza kujengwa katikati ya jangwa, na wapita njia wangalisema vile vile kwamba lafanana na bahari.

Kazi ya kweli ya maji imo chini, ambako mpiga picha hatazami. Bohari ya zamani ilisimama juu ya nguzo 1,111 zilizokitwa katika tope la mto. Ili kuubeba mzigo mpya, ziliongezwa nyingine zaidi ya 600. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na jumba hili, lionekanalo kama kwamba laelea juu ya bandari, ni ushahidi wa methali hiyo. Ile omo nyembamba, ule msingi wa matofali, zile nguzo zisizoonekana, hayo ndiyo yaliyoamriwa na maji. Mawimbi ya paa yaliamriwa na kalamu.

Tuingie sasa katika ukumbi mkuu, wenye viti 2,100. Wasikilizaji huketi wakiwazunguka wapigaji muziki pande zote, wala hakuna aliye mbali na kiongozi wao zaidi ya mita 30 hivi. Kuta na dari zimefunikwa kwa vipande 10,000 vya jasi vilivyochongwa mabonde mabonde, kwa shauri la Yasuhisa Toyota, bingwa wa mambo ya sauti kutoka Japani, ili sauti isambae sawasawa. Ajabu kubwa ni hii: ukumbi huo, wenye uzito wa tani 12,500, haukushikamana na jengo lililobaki, bali umekalishwa juu ya springi 362. Sababu yake ni bandari. Meli hupiga honi mtoni, na honi moja ikipenya yatosha kuharibu kinanda cha polepole. Hapa maji yameliumba jumba kwa kukataliwa, na huo nao ni ustadi, tena mkubwa kuliko ule wa paa, maana hauonekani.

Lakini hesabu yake ilikuwaje? Wazo la kwanza lilisikika kama hekima ya kale isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kungekuwa na hoteli na nyumba za kuuzwa matajiri, na faida yake ingesaidia kuujenga ukumbi wa watu wote. Hoteli ikajengwa, yenye vyumba 244, na nyumba 45 zikajengwa. Mgeni alikuja, ila mwenyeji hakupona upesi. Fungu la serikali ya mji, lililokisiwa hapo mwanzo kuwa euro milioni 77, lilifikia milioni 789. Jumba lililoanzwa mwaka 2007 na kutazamiwa kwisha mwaka 2010 lilipigiwa muziki wa ufunguzi tarehe 11 Januari, 2017. Mwaka 2011 kazi ilisimama, na miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa lilikuwamo paa lile lile la mawimbi. Msomaji aweza kuona kwamba kuyaiga maji kulikuwa na gharama kuliko kupatana nayo.

Wapo wanaojibu kwamba hayo yamepita. Kwamba watu wa Hamburg sasa wanajivunia jumba lao, na kitu kizuri husamehewa bei yake. Jibu hilo lina ukweli nusu. Fahari yao si ya uongo. Lakini uzuri haufuti deni, na msifu anayeificha bei huwadanganya wale watakaojenga baadaye. Tena upo upungufu mwingine. Bohari ya Kallmorgen ilibakizwa kuta za nje tu. Ndani ilikwanguliwa, na sehemu kubwa ya mle mlimokuwa mkilala kakao sasa hulala magari. Kuta zilizobaki zasimulia habari za kazi ya bandari, lakini hadithi yenyewe imetolewa tumboni.

Hata hivyo, kuna sehemu moja ambayo kwa maoni yangu yalitetea jengo lote. Kati ya matofali ya chini na vioo vya juu, mita 37 kutoka ardhini, wasanifu waliacha uwanja ulio wazi. Mtu hupandishwa huko na ngazi ya umeme ndefu iliyopinda, hata mwisho wake hauonekani anapoanza safari. Hapo juu hukutana mgeni wa hoteli, msikilizaji anayekwenda ukumbini, na mtu asiye na tikiti ya muziki wala chumba cha kulala. Wote waweza kutoka nje na kulizunguka jengo, wakiyatazama maji, meli na winchi za bandari. Uwanja huo haukuiga wimbi lolote. Umepatikana mahali ambapo jengo la kazi na jengo la starehe yamegusana, na ndipo walipa kodi walipewa sehemu yao ya mto ambao ni wao.

Hukumu yangu basi ni hii. Elbphilharmonie ni jengo kubwa, si kwa sababu ya paa lake, bali kwa sababu ya msingi wake, ukimya wa ukumbi wake, na uwanja wake ulio wazi. Kasoro yake ni kwamba kilichogharimu na kusifiwa sana ndicho kilichohitajiwa kidogo. Nawe mwanafunzi, siku utakapoonyeshwa ramani ya jumba jipya kando ya maji, ukaambiwa kwamba limechukua umbo la wimbi, au la tanga, au la kombe, usiishie hapo. Uliza maji yakijaa yatafika wapi. Uliza madirisha yanayotazama maji ni ya nani. Kisha uliza kama mtu asiye na fedha ya kulala humo atapata mahali pa kusimama, ayatazame maji yaliyokuwapo kabla ya jengo.