Mshororo Usioenea Kwenye Kioo

Wapo wasemao kwamba kompyuta ya nyumbani inakufa, na wapo wasemao kwamba inazaliwa upya. Ukizisikiliza kauli hizi ukiwa Ushongo, kusini mwa Mto Pangani, utaona kwamba zote mbili zina kasoro moja: zinadhani mashine ile ya mezani iliwahi kuishi majumbani mwetu. Haikuwahi. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikalegezwa polepole tu katika miaka iliyofuata. Wenzetu wa Visiwani walikwisha kuiona televisheni ya rangi katika miaka ya 1970. Sisi wa Bara tuliingoja hadi 1994. Kompyuta ilipofika hatimaye, ilifika maofisini, kisha katika vibanda vya intaneti vya Tanga mjini. Mtunzi wa huku alivuka mto kwa kivuko, akapanda basi la vumbi kilomita zipatazo 50, akalipia nusu saa ili shairi lake lifike gazetini. Na kabla mashine ile haijaingia sebuleni, simu ilikwisha kuingia mfukoni. Kompyuta ya nyumbani, kwetu, ni simu.

Nami nataka kuijadili kama chombo cha kutungia mashairi, maana ndivyo vijana wetu waitumiavyo, na majarida kama hili hupokea matokeo yake bila ya kuuliza yametokana na nini.

Nianze na lugha ya chombo chenyewe. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili, na Microsoft nayo ikafuata na vifurushi vya Kiswahili vya programu zake. Kwa sisi wafasiri ilikuwa furaha kubwa. Lakini miaka imepita, na watu wengi niwaonao wanaiacha simu katika Kiingereza, hata wale ambao Kiingereza chao hakivuki salamu. Huambiwa kwamba hiyo ni kasumba. Mimi naona sababu nyingine: maneno tuliyopewa ni yetu, na kila moja lilikuwa na kazi yake kabla ya kuajiriwa. Chukua “hifadhi”. Mtoto wa pwani aliyehifadhi juzuu 30 haendi kuzitafuta kitabuni. Zimo kifuani mwake. Katika mashine, kuhifadhi ni kinyume chake: ni kuliweka jambo nje ya kifua ili upate kulisahau. “Bandika” nalo ni neno la jikoni. Kinachobandikwa ni chungu, na sikio hungojea kuambiwa lini kitaipuliwa. Lakini “nakili” limekaa pazuri mno, kwa kuwa tenzi za pwani hii zilitufikia kwa mikono ya wanakili. Kwa “hifadhi” ningetosheka na “weka”. Neno la kila siku halioni haya kufanya kazi ya kila siku.

Hata hivyo maneno ya orodha za amri ni jambo dogo. Jambo kubwa ni upana wa kioo.

Msomaji wa kurasa hizi hahitaji kufundishwa shairi la tarbia: mishororo minne, mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, kina cha kati na kina cha mwisho. Basi tuuchukue mshororo mmoja, niliouunda kwa ajili ya mfano tu:

Mvuvi aso ngalawa, bahari haimtupi

Katika karatasi hauna taabu. Katika simu iliyoshikwa wima, herufi zikiwa za ukubwa wa kusomeka na macho ya mtu mzima, utatokea hivi:

Mvuvi aso ngalawa, bahari
haimtupi

Pumzi imehamishwa. Mahali pa kutua, penye koma na kina, pamemezwa katikati ya mstari. Na mahali pasipotakiwa kutuliwa ndipo palipokatwa. Asomaye kwa macho atausoma kwa mkato wa kioo, wala hatajua kwamba “wa” ile ilikuwa na wenziwe watatu chini yake.

Atatokea mtu aseme kwamba kila chombo kilifanya hivyo, naye atakuwa na haki. Katika miswada yetu ya hati za Kiarabu, ubeti mzima wa utenzi, vipande vyake vyote vinne, mara nyingi ulikaa katika mstari mmoja wa karatasi, na kati ya kipande na kipande pakatiwa alama. Uchapaji wa hati za Kirumi ndio uliovishusha vipande vile kimoja chini ya kingine. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, asingeutambua kwa macho utenzi wake kama J. W. T. Allen alivyoutoa mwaka 1955. Kwa masikio angeutambua mara moja. Lakini mnakili aliichagua karatasi yake na mchapaji aliupanga ukurasa wake. Kioo hakiulizi. Huukata mshororo pale nafasi inapokwisha, na simu mbili huukata pahala pawili tofauti.

Vijana wamebuni dawa yao. Kila baada ya kipande hushuka mstari, hivyo ubeti wa mishororo minne huwa na mistari minane mifupi, mizuri kuitazama. Nimezisoma beti za namna hiyo kwa miaka kadhaa katika makundi ya WhatsApp ya washairi, na yale yanayofuata nimeyaona zaidi ya mara moja. Kwanza ukwapi na utao, waliokuwa mume na mke, huwa majirani. Kisha mtunzi, ambaye sasa anaona miisho minane badala ya minne, huchoka na vina vya mistari ya witiri, akaviachia huru. Kinachobaki si shairi, kwani kina cha kati kimekufa. Wala si utenzi, kwani utenzi huvifunga vipande vyake vitatu kwa kina kimoja na cha nne kukipa bahari. Nisingelaumu kama lingekuwa chaguo. Anayetaka guni na atunge guni, akijua kwamba ni guni. Ninalolalamikia ni kijana wa miaka ishirini kuamini kwamba hivyo ndivyo tulivyorithi, na kumbe amerithi upana wa simu.

Kisha yuko msahihishaji, yule asiyeitwa naye huja. Simu iliyoachwa katika Kiingereza humgeuza “babu” kuwa “babe”, na vicheko vya familia huishia hapo. Mbaya zaidi ni ile inayojua Kiswahili kidogo, inayolipigia “aso” mstari mwekundu na kutaka “asiye na”. Kwa insha, sawa. Kwa mshororo wetu, mizani mbili zimeongezeka na kipande kimevunjika. Inkisari, mazida na tabdila, ruhusa walizopewa watunzi na mapokeo, katika kamusi ya mashine zote ni makosa ya tahajia. Lahaja nazo zimo katika hukumu hiyo hiyo. Kimtang'ata cha pwani hii kiliandikiwa kitabu na W. H. Whiteley mwaka 1956. Tangu hapo kimeishi vinywani zaidi kuliko maandishini, na mashine haina njia ya kukijua kinywa.

Tangu mwisho wa mwaka 2022 ziko programu zinazotunga zenyewe ukiziamuru. Nimezijaribu. Kina cha mwisho huzipatia, cha kati huzipatia siku ya bahati, na mizani huyumba: kumi na tatu hapa, kumi na nane pale. Hukosea hasa kwenye ile “m” isimamayo peke yake, ambayo mtoto wa madrasa huihesabu bila ya kufikiri: m-vu-vi, tatu. Huenda zitajifunza, na mimi sioni ajabu zikijifunza. Kuhesabu ni kazi ya mashine. Hofu yangu iko kwa mtunzi mchanga atakayejifunza kuhesabu kutoka kwazo kabla hazijajua.

Katika haya yote kuna jambo moja ambalo simu imetufanyia kwa wema, nalo si la maandishi hata kidogo. Ni ujumbe wa sauti. Mzee asiyesoma hati yoyote hulighani shairi lake akiwa kivulini, na kwa kubonyeza kidole tu linasikika Mkokotoni, Mombasa na Maskati kabla ya adhana ya alasiri. Hapo kioo hakina la kukata. Koma ni pumzi, kina cha kati kinagonga sikio, na anayetaka kujibu hujibu kwa bahari ile ile kwa kuwa ameisikia. Kompyuta ya nyumbani ikielekea huko, kwenye kusikiliza na kusemezwa, mimi nitaipokea. Tangu 2017 Google imeweza kugeuza Kiswahili kinachosemwa kuwa maandishi. Lakini huandika ghani kama taarifa ya mkutano, bila ya koma wala mshororo. Fundi atakayeifundisha mashine kutua pale mghani anapotua atakuwa ametufaa kuliko yule anayeifundisha kutunga.

Limebaki suala la kasha. Mwaka 1970 ilitoka orodha ya Allen ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyomo katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Na pamoja na miswada, orodha ile ilitaja kanda za sauti. Mtu yule alielewa kwamba sauti nayo ni mswada. Leo sauti tunazo nyingi kuliko wakati wowote, na zimo ndani ya vyombo vinavyoliwa na chumvi ya bahari, vinavyoibiwa, vinavyobadilishwa kila vinapopasuka kioo. Ghani ya mzee hufutwa ili kupisha picha za harusi. Aliyeitunga hana mnakili, na neno “hifadhi” lililoandikwa juu ya kioo limempumbaza mjukuu aamini kwamba kazi imekwisha kufanywa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahariri, wa jarida hili na mengine, wanaopokea mashairi kwa simu yakiwa yamekwisha kukatwa vipande vinane. Msiyaunganishe kwa kukisia, wala msiyachape kama yalivyofika. Mpigieni mtunzi, alighani shairi lake, nanyi mrekodi. Chapeni mshororo kwa pumzi yake, na ile sauti iwekeni pamoja na karatasi, ndani ya kabati lenye ufunguo.