Ufundi wa Kufungua Faili Linalogoma

Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kongo, INRB, ilisoma jenomu 744 za virusi, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika Katwa, mjini Butembo, karibu na wagonjwa wenyewe. Jenomu, yaani maandishi yote ya urithi, ina herufi karibu 19,000 katika kirusi hiki, na kwa kulinganisha herufi hizo wataalamu hukisia kama maambukizi ya mji wa Beni na ya Butembo ni ya mnyororo mmoja. Kazi ya namna hiyo ina fundi wake asiyesifiwa: yule anayeitwa programu inapozimika ghafla katikati ya kusoma faili.

Katika faili la BAM, linalotunza vipande vya jenomu vilivyokwisha kupangwa, kila kipande hutanguliwa na tarakimu inayotaja urefu wake kwa baiti, na programu hutenga nafasi ya kumbukumbu kwa kuiamini tarakimu hiyo. Ikiharibika, kipande cha herufi mia chache hujitangaza kuwa kikubwa kupita kiasi, na programu huenda ikafa ikidai nafasi isiyokuwepo. Fundi mchanga huilaumu kompyuta; mzoefu hufanyia kazi nakala, kamwe si faili la asili, akitafuta mahali usomaji salama ulipoishia.

BAM lililokamilika huishia kwa alama ya baiti 28 isiyobeba data yoyote, iliyowekwa kuthibitisha tu kwamba uandishi ulifika mwisho, na programu ya samtools huonya inapoikosa. Data yenyewe hubanwa kwa mafungu yasiyozidi kilobaiti 64, kila moja likijitegemea, kwa hiyo faili likikatika njiani, yaliyotangulia mkato huokolewa yote.

Heri programu inayokufa kuliko inayosoma nusu na kunyamaza. Faili likiwa limepangwa kwa kufuata nafasi za jenomu, umeme au intaneti ikikatika wakati wa kulipeleka, kinachopotea ni mkia, ambako hukaa L, jeni kubwa na ya mwisho ya kirusi hiki. Msomaji mwenye haraka ataona pengo hilo, aseme sampuli ya Beni ilikuwa dhaifu, pengine aagize nyingine, ilhali faili zima bado limo katika kompyuta ya Katwa.