Kalenda imejaa, mutu hayumo

Kama unafuata ba kochi wa sport wa muji wetu kwa Facebook, tayari unajua siku gani watatuma nini. Jumatatu ni picha ya misuli na maneno ya kutia moyo kwa Kifaransa. Jumanne chakula. Jumatano zoezi. Alhamisi picha mbili, mwili wa zamani na mwili wa sasa. Ijumaa maswali. Nazijua hizi kalenda juu mimi mwenyewe niliandika moja.

Ilikuwa 2022, hapa Bukavu. Rafiki yangu kochi alinikuta niko na kompyuta na sina kazi (wenye lisansi wanafahamu), akaniambia: «Kaka, unisaidie kupanga vile nitakuwa naposti.» Nikafungua Ekseli, nikapiga mistari: vyumba 20, siku tano kwa wiki nne. Tukavijaza vyote jioni moja na tukajiona wataalamu. Siku ya chakula niliandika saumoni na kinwa. Mimi, mtu wa agronomia! Sokoni Kadutu kuna maharagi, lengalenga, avoka, na sambaza, ile samaki iliyoletwa ziwa Kivu toka Tanganyika mwaka 1959, na mimi naandika saumoni, juu kalenda tuliyoiga ilisema saumoni.

Kisha mwezi, layiki zilikuwepo. Nikaangalia zinatoka wapi: ba kochi wengine. Mteja mupya, hata mmoja.

Tulikuwa tunataka kufanya sawa Joe Wicks, yule kochi wa Uingereza. Wengi wanamutaja kama mfano wa kuposti kila siku, na hapo njo ninaona hawakumuangalia vizuri. Tarehe 23 mwezi wa tatu 2020, shule za kwao zimefungwa juu ya Covid, alianza kipindi kwa YouTube: Jumatatu mpaka Ijumaa, saa tatu asubuhi, karibu nusu saa, ndani ya nyumba yake, bila chombo chochote. Siku ya pili watu 955,185 walikuwa wanamufuata kwa wakati mmoja, mpaka Guinness wakaandika rekodi. Uangalie hiyo saa tatu. Ni saa mtoto angekuwa darasani, na muzazi anatafuta atamufanya nini. Wicks alijua nani yuko mbele ya ekra, yuko chumba gani, na ana dakika ngapi.

Hata mbele ya hapo, 2014, alikuwa anaonyesha mapishi kwa Instagram kwa sekunde 15, juu video za Instagram wakati ule hazikuruhusiwa kupita hapo. Alichukua hicho kipimo kidogo akakifanya kazi ya mutu anayetoka kazini amechoka na anataka kula sasa hivi. Sisi tulichukua ile «kila siku» yake tukaacha yule mutu.

Sikubali yote yake. Alikuwa anauza programu ya siku 90, na picha za mwili wa zamani na wa sasa zikiwa tangazo lake. Picha za namna hiyo zinaonyesha tu wale waliofaulu. Kwetu kilimo, ukileta matokeo ya shamba na ukaficha miraba iliyokauka, profesa anakurudishia kazi. Tena YouTube ya moja kwa moja kila asubuhi, kwa mega za kwetu, ni nani atailipa?

Mama mmoja wa kikundi cha Jumapili njo alitufungua macho. Alimwambia rafiki yangu: «Kochi, minaonaka video zako. Lakini ile ya kuruka, sisi tunapanga nyumba ya mbao, jirani anasikia yote.» Zoezi letu la Jumatano, la kuruka, lilikuwa limepangwa kwa mutu mwenye sebule ya simenti. Sasa anatuma kwa WhatsApp Jumamosi jioni tu: sauti fupi, na video isiyofika dakika moja, hakuna kuruka, kwa wale watakaokuja kesho. Wanaokuja Jumapili wameongezeka. Si wengi, lakini nawajua kwa majina. Mukulima naye anajua saizoni A inaanza mwezi wa tisa, lakini hamwagi mbegu juu karatasi imesema. Anangoja kwanza mvua ilowanishe udongo.

Kuna jambo moja sijamaliza nalo. Alhamisi ya tatu ya ile kalenda, chumba kilikuwa tupu na tulikuwa na haraka ya kukijaza. Rafiki yangu alikuwa na picha mbili za dada mmoja aliyepunguza kilo nyingi. Alikuwa amezituma yeye mwenyewe kwa furaha, kwa kochi wake. Mimi njo nilisema: «Tia hizo, zitatembea.» Hatukumuuliza. Zilitembea kweli, zikafika kwa shemeji yake, zikafika kwa kikundi cha familia, na maneno yaliyosemwa pale juu ya mwili wake sitayarudilia hapa.

Tulifuta kesho yake, wengine wakiwa wamekwisha kuzihifadhi. Rafiki yangu alienda kuomba musamaha, akapokelewa mulangoni. Mimi sikwenda. Dada hakurudi tena Jumapili, na ile Ekseli ingali kwa kompyuta yangu, Alhamisi ya tatu imepakwa rangi ya kijani, maana yake «imefanyika».